Kuchagua Waya wa Fedha kwa Kebo za Sauti Zinazotengenezwa Nyumbani: Mwongozo Kamili

Mtu anayeamua kujitengenezea kebo za kuunganishia vifaa vyake vya muziki, na akataka kutumia madini ya fedha badala ya shaba, hukutana mapema na maswali mengi: anunue waya wa unene gani, wenye usafi kiasi gani, laini au mgumu, ulio mtupu au uliokwisha kuvishwa ganda. Wauzaji hupenda kuanza na usafi wa madini, kwa sababu usafi ndio unaopandisha bei. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Unaanza na kazi ya kebo na urefu wake, unaendelea na unene, usafi, ukaguzi na ulaini, kisha ganda, na mwisho kulehemu na kupima. Nashikilia mpangilio huo kwa kuwa waya wa kawaida wa fedha ya 999, yaani yenye sehemu 999 za fedha katika kila 1,000, ukivishwa ganda linalofaa na kuunganishwa kwa mkono mtulivu, unafanya katika kebo ya mita moja kazi yote itakayofanywa na waya wa bei kubwa kuliko huo mara nyingi.

Fedha inatoa nini hasa

Katika joto la kawaida hakuna metali inayopitisha umeme vizuri kuliko fedha. Shaba inaifuata kwa karibu sana, kisha dhahabu, kisha alumini. Waya wa fedha safi wenye urefu wa mita moja na eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, wa omu 0.0159 hivi kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi, na waya kama huo wa shaba iliyolainishwa una omu 0.0172. Tofauti ni kama asilimia 8. Kwa hiyo waya wa shaba ulionenepa kidogo tu kuliko wa fedha unakuwa na ukinzani uleule, na kwa gharama ndogo mno. Marekani ilipotengeneza koili kubwa za sumaku za mtambo wa kutenganisha urani huko Oak Ridge, Tennessee, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikopa kutoka hazina yake ya taifa tani 13,300 hivi za fedha, na sababu haikuwa ubora wa fedha: shaba ilikuwa imeadimika kwa mahitaji ya silaha. Sehemu ya mwisho ya mkopo huo ilirudishwa mwaka 1970.

Tuiweke tofauti hiyo mahali pake. Waya wa fedha wenye kipenyo cha milimita 0.5 una ukinzani wa omu 0.081 kwa mita, na wa shaba wa kipenyo hichohicho una omu 0.088. Kebo inayotoka kwenye pleya ya CD inaingia kwenye amplifaya ambayo soketi yake ya kupokea ina ukinzani wa omu 10,000 hadi 50,000. Omu 0.007 mbele ya maelfu hayo haibadilishi nguvu ya sauti kwa kiasi ambacho sikio, au hata kipimo cha kawaida cha fundi, kinaweza kutambua. Yeyote anayetengeneza kebo ya fedha ajue hivyo tangu mwanzo.

Kuna sababu nyingine zilizo halali za kuichagua. Fedha ni laini na hunyooshwa kwa vidole, hupokea lehemu haraka, na katika hewa ya kawaida haifanyi oksidi usoni kama shaba inavyofanya. Kebo yake ikitengenezwa vizuri inadumu miaka mingi, na madini yaliyomo yanabaki na thamani yake siku kebo itakapovunjwa. Sababu hizo zinatosha kwa mtu anayependa kazi ya mikono na anayetaka kitu alichokitengeneza mwenyewe kwa uangalifu.

Hapa inafaa kuondoa hoja moja inayorudiwa mara kwa mara, kwamba sauti nyembamba za juu hupita kwenye uso wa waya, na kwa hiyo utando wa fedha juu ya shaba unazisafirisha sauti hizo peke yake. Ni kweli kwamba mkondo wa masafa ya juu huelekea usoni mwa waya, lakini kwenye kilohezi 20, ambako usikivu wa binadamu hukomea, kina ambacho mkondo unaingia ndani ya fedha bado ni milimita 0.45 hivi. Waya wa milimita 0.5 una nusu kipenyo cha milimita 0.25 tu, kwa hiyo mkondo wote wa sauti unapita katika mwili wake mzima. Utando wa fedha juu ya shaba huwa na unene wa mikromita chache, nao hauwezi kuzitenga sauti za juu na kuzipitisha zenyewe.

Hatua ya kwanza: amua ni kebo gani

Usinunue waya kabla ya kujua utakwenda wapi. Kebo inayofaa zaidi kwa fedha ni ile fupi ya kuunganisha chombo kimoja na kingine, yenye plagi za RCA (zenye pini moja katikati na pete ya nje) au za XLR (zenye pini tatu), urefu wa nusu mita hadi mita moja na nusu. Inabeba mkondo mdogo sana, inatumia waya mwembamba, na ikishawekwa nyuma ya kabati haipindwipindwi. Huko ndiko mwanzo mzuri.

Kebo ya hedifoni inawezekana, ila mahitaji yake ni tofauti. Inapindwa kila siku, na waya wa fedha wa uzi mmoja ukipindwa mahali pamoja mara nyingi unakuwa mgumu pale pale na mwishowe unakatika ndani ya ganda, jambo ambalo halionekani kwa macho bali husikika kama sauti inayokatika upande mmoja. Kwa kazi hiyo tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Unene wa milimita 0.4 kwa jumla, ambao katika vipimo vya Marekani huitwa geji 26, unatosha: kwa urefu wa mita 1.2, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni omu 0.3 tu, nao ni kama asilimia moja ya hedifoni ya omu 32.

Kwa spika, nashauri shaba bila kusita. Spika ya omu 8 inahitaji waya mnene, na waya wa milimita za mraba 2.5 ukitengenezwa kwa fedha una uzito wa gramu 26 kwa kila mita. Spika mbili zilizo mita tatu kutoka kwenye amplifaya zinahitaji mita 12 za waya huo, yaani zaidi ya gramu 300 za fedha. Shaba ya unene huohuo inaongeza ukinzani wa omu 0.003 hivi tu katika kila njia ya kwenda na kurudi. Pesa hizo ziende kwenye spika zenyewe.

Pleya ya santuri inahitaji tahadhari. Mawimbi yanayotoka kwenye sindano ni ya milivolti chache, hivyo kebo isiyo na kinga huokota mvumo kwa urahisi, na kichwa cha sindano cha aina ya sumaku inayotembea husikia pia kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme. Ukitengeneza kebo kwa ajili yake, iwe fupi na iwe na wavu wa kinga, yaani nyuzi za metali zilizosukwa kuzizunguka nyaya ili kuzuia mvumo.

Kebo ya dijitali ya koaksi, ile yenye waya wa katikati uliozungukwa na wavu, inatakiwa kuwa na impedansi (ukinzani wake dhidi ya mawimbi ya umeme) ya omu 75, na ile ya USB omu 90. Namba hizo hutokana na umbo la kebo, nafasi kati ya waya na wavu, na aina ya ganda, wala hazitokani na madini. Nunua kebo iliyotengenezwa kiwandani kwa vipimo hivyo. Na kebo ya umeme wa ukutani, wa volti 230 au 240, isitengenezwe kabisa kwa njia inayoelezwa hapa. Waya mtupu uliopenyezwa ndani ya mrija hauna usalama unaotakiwa kwa umeme unaoweza kuua.

Hatua ya pili: unene na hesabu ya uzito

Kwa kebo ya RCA au XLR, kipenyo cha kati ya milimita 0.4 na 0.6 ndicho ninachokipendekeza. Ukishuka chini ya 0.3 waya unakatika mikononi, unayeyuka kwa urahisi ndani ya lehemu, na unahitaji uzoefu ambao mtu wa mara ya kwanza hana. Ukipanda hadi 0.8 au 1.0, waya unakuwa mkaidi, unavuta plagi pembeni, na unalipia gramu ambazo hazina kazi. Wengine hununua waya bapa kama utepe. Unapitisha umeme sawasawa na wa mviringo wenye eneo hilohilo, ila ni mgumu kuvisha ganda.

Sasa fanya hesabu kabla ya kuzungumza bei. Kila sentimita ya ujazo ya fedha ina uzito wa gramu 10.49. Waya wa milimita 0.5 una eneo la milimita za mraba 0.196, kwa hiyo mita moja yake ina uzito wa gramu 2.06. Waya wa milimita 0.4 una gramu 1.32 kwa mita, na wa 0.6 una gramu 2.97. Jozi ya kebo za RCA za mita moja, kila kebo ikiwa na waya mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, inahitaji mita nne. Kusokota na kusuka hula urefu, na ncha hukatwa, hivyo ongeza sehemu moja ya tano, ufike karibu mita tano. Hizo ni gramu 10 na kidogo. Ukipenda muundo wa nyaya tatu zilizosukwa kama msuko wa nywele, mmoja ukibeba mawimbi na mbili zikirudi pamoja, utahitaji mita saba na ushee, yaani gramu 15.

Ukishapata gramu, angalia bei ya fedha katika soko la dunia siku hiyo. Bei hiyo hutajwa kwa wakia ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Igawe kwa 31.1, uzidishe kwa gramu zako, nawe utakuwa na thamani ya madini matupu. Muuzaji ana haki ya kuongeza gharama ya kuvuta waya, kufungasha na kusafirisha. Lakini akitaka mara ishirini ya thamani hiyo, lazima aeleze kwa vipimo ni nini kingine anachouza.

Hatua ya tatu: usafi

Fedha safi ya sokoni huandikwa 999, maana yake sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha. Juu yake kuna ya asilimia 99.99 na ya asilimia 99.999. Tofauti ya upitishaji kati ya hizi tatu ni ndogo, ndogo hata kuliko kosa unaloweza kulifanya wewe mwenyewe unapopima kipenyo cha waya. Ya 99.99 inafaa kununuliwa ikiwa bei yake haiko mbali na ya 999. Ya 99.999 ni ya maabara.

Kinachofaa kuogopwa ni kushuka chini ya 999. Fedha ya mikufu na pete mara nyingi ni 925, yaani asilimia 92.5 fedha na iliyobaki shaba iliyotiwa ili kuipa ugumu. Mtu anaweza kudhani kwamba kuchanganya metali mbili zinazopitisha umeme vizuri kutaleta mchanganyiko mzuri vilevile, lakini chembe za metali moja ndani ya nyingine huzuia mwendo wa elektroni, na aloi hiyo inapoteza ile nafuu ndogo ambayo fedha ilikuwa nayo dhidi ya shaba safi. Kwa kebo, 925 ni kulipa bei ya fedha na kupata kazi ya shaba.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja watu wa pwani yetu. Masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu wana ujuzi wa zamani wa kuvuta waya wa fedha kwa kuupitisha kwenye matundu ya bamba la chuma, tundu moja dogo kuliko lililotangulia, na sonara mzuri anaweza kukuvutia waya wa milimita 0.5 ulionyooka na wenye uso laini. Swali ni fedha gani anayoivuta. Vyombo vya zamani vya pwani na vya Oman viliyeyushwa kwa wingi kutoka katika riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780, ambazo usafi wake ni sehemu 833 tu kwa 1,000. Bangili ya bibi, hata iwe nzito namna gani, haifai kugeuzwa waya wa kebo, na ingekuwa hasara kuiharibu. Ukitaka kazi ya sonara, mpelekee wewe mwenyewe kipande cha fedha ya 999 chenye muhuri, mwombe akivute bila kukichanganya na chochote, na akilainishe tena kwa moto akimaliza.

Usidanganywe pia na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani. Ni aloi ya shaba, zinki na nikeli, haina fedha hata chembe, na ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba. Aloi za kisasa za vito zenye jermaniamu, ambazo hazipati weusi haraka, ni nzuri kwa pete, lakini jermaniamu hiyo hupunguza upitishaji.

Utakutana pia na fedha inayotengenezwa kwa njia ya Profesa Atsumi Ohno wa Japani, ambaye alibuni namna ya kusubu metali mfululizo katika kalibu yenye joto ili fuwele ziwe ndefu sana badala ya kuwa punje ndogondogo. Ni ubunifu wa kweli, na waya wake hupindika vizuri. Hata hivyo, katika joto la chumbani mipaka kati ya punje za metali huchangia sehemu ndogo sana ya ukinzani wote, kwa hiyo usiulipie waya huo kwa kutarajia umeme utakaopita kwa namna nyingine.

Hatua ya nne: kukagua ulichonunua

Anza na jicho. Kata ncha ya waya kwa koleo kali, uitazame kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa mchana. Kiini chekundu ni shaba iliyochovywa fedha. Halafu lete sumaku: fedha haivutwi, na waya unaovutwa una chuma au nikeli ndani yake.

Jaribio la pili ni la moto, na ndilo linalotofautisha 999 na 925 bila vifaa vya maabara. Chukua kipande cha sentimita mbili, ukishike kwa koleo, ukipashe kwa mwali mdogo mpaka kikaribie kuwa chekundu, kisha ukiache kipoe. Fedha safi hubaki nyeupe. Ile yenye shaba hufanya weusi usoni, kwa kuwa shaba iliyomo imeungana na oksijeni. Angalia usikiyeyushe, waya mwembamba hugeuka tone ghafla, fedha ikifika nyuzi 961.

Jaribio la tatu linahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pima koili yako hewani, kisha ipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo. Gramu 10 za fedha hupungua kwa gramu 0.95 zikiwa majini, na gramu 10 za shaba hupungua kwa gramu 1.12. Tofauti hiyo inaonekana wazi. Lakini jaribio hili haliwezi kuitenga 999 na 925, kwa sababu uzani wa ujazo wao unakaribiana mno, na ndiyo maana jaribio la moto lisirukwe.

Wapo wanaopendelea kupima ukinzani. Multimita ya kawaida, kile kipimo cha fundi cha volti na omu, haitoshi kwa namba ndogo hivi. Pitisha mkondo wa ampea moja kutoka kwenye ugavi wa umeme unaodhibitiwa, katika mita kumi za waya ulionyooshwa usijigusane, na upime volti kati ya ncha hizo kwa nyaya nyingine mbili. Waya wa fedha safi wa milimita 0.5 utaonyesha volti 0.81, na wa shaba volti 0.88. Kipenyo kipimwe kwa mikromita (hapa ni kifaa cha kupimia unene) mahali pengi, kwa kuwa kosa la milimita 0.01 peke yake hubadilisha eneo kwa asilimia 4, na hapo jibu lako linapoteza maana.

Hatua ya tano: ulaini

Agiza waya uliolainishwa kabisa kwa moto. Waya mgumu uliotoka kwenye bamba la kuvutia una ukinzani ulio juu kidogo, lakini kero yake kubwa ni ya mikono: unarudi ulikotoka kila ukiupinda, na haukubali kusukwa. Waya laini unashikilia umbo unaloupa. Usiunyooshe kwa kuuvuta kwa nguvu. Upitishe polepole kati ya vidole vilivyovaa glavu ya pamba.

Hatua ya sita: ganda

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asifanye haraka, kwa maana ganda linaamua maisha ya kebo kuliko namba yoyote ya usafi. Adui wa fedha ni salfa. Hewa yenye chembe za hidrojeni salfaidi huungana na uso wa fedha na kufanya salfaidi ya fedha, ule weusi unaoonekana kwenye vyombo vya zamani, na utando huo si kipitishi kizuri. Katikati ya waya hauna madhara makubwa, kwa sababu umeme unapita chini yake. Kwenye maungio ya plagi na mahali pa kulehemu una madhara. Mpira wa kawaida hutiwa salfa wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo usifunike fedha kwa mpira, usiifunge kwa rababendi, wala usiihifadhi pamoja na sufu.

Ganda ninalolipendekeza ni mrija wa PTFE, plastiki ambayo wengi huijua kwa jina la Teflon. Haina salfa, hainyonyi maji, huvumilia joto la kulehemu kuliko plastiki nyingi, na haihifadhi nguvu nyingi ya umeme ndani yake: kipimo chake cha uhifadhi huo ni 2.1, ikilinganishwa na 1 ya hewa tupu na zaidi ya 3 ya PVC. Kadiri kipimo hicho kilivyo kidogo, ndivyo kapasitansi ya kebo inavyopungua. Chagua mrija ambao tundu lake limezidi waya kidogo, mathalani milimita 0.8 kwa waya wa 0.5, ili waya ulegee ndani na hewa ichukue sehemu ya nafasi. Nunua rangi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Pamba na hariri nazo hutumiwa, na pamba kavu huwa na hewa nyingi ndani yake. Katika Dodoma au Nairobi inaweza kufaa. Katika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako unyevu hauondoki hewani mwaka mzima, pamba hunywa maji na kuyaweka karibu na fedha, na sioni sababu ya kuitumia. Poliethilini ni nzuri na rahisi, ila inayeyuka mapema chini ya joto la kulehemu. PVC iachwe kwa kazi nyingine.

Asiyetaka kupenyeza waya ndani ya mrija ana njia ya kati: waya wa shaba iliyochovywa fedha, wenye nyuzi nyingi na ganda la PTFE, unaotengenezwa kiwandani kwa ajili ya vifaa vya ndege na vya kijeshi. Ni wa bei nafuu, unalehemika vizuri, na ndio ninaoushauri kwa kebo ya kwanza ya mazoezi. Una udhaifu mmoja wa kukumbukwa pwani: utando wa fedha ukichubuliwa na unyevu ukaingia, shaba ya ndani huanza kuliwa na kutu nyekundu inayosambaa chini ya ganda. Vua ganda kwa kifaa kinachofaa, usitumie meno wala wembe, na uzibe ncha.

Hatua ya saba: kusuka na kulehemu

Futa waya kwa kitambaa safi kilichotiwa spiriti, uuache ukauke, kisha uupenyeze ndani ya mrija ukiwa na glavu. Sokota nyaya mbili pamoja, au suka tatu, bila kukaza sana. Msuko huo unapunguza nafasi kati ya waya wa kwenda na wa kurudi, na hivyo unapunguza mvumo wa hezi 50 unaookotwa kutoka kwenye transfoma na nyaya za ukutani. Nyumba yenye jenereta, inveta au taa za LED zenye kelele inahitaji zaidi: vuta wavu wa kinga juu ya msuko, na uulehemu upande mmoja tu, ule wa chombo kinachotoa mawimbi, kwenye pete ya nje ya plagi. Kebo ya namna hiyo inapaswa kuwekwa alama ya mshale. Mshale huo unahusu wavu. Waya wenyewe hauna upande wa kuanzia, kwa kuwa mkondo wa sauti huenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde.

Bati lililoyeyuka huila fedha. Waya wa milimita 0.2 ukikaa muda mrefu ndani ya lehemu ya kawaida unaweza kuyeyuka na kutoweka. Tumia lehemu yenye bati asilimia 62, risasi asilimia 36 na fedha asilimia 2, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 179, kwa sababu fedha iliyomo tayari inapunguza ulaji huo. Anayeepuka risasi atumie ile yenye fedha asilimia 3, akijua kwamba inahitaji joto zaidi, karibu nyuzi 217. Dawa ya kusafishia metali wakati wa kulehemu iwe ya utomvu wa msonobari. Ile ya tindikali ya mafundi bomba itaila kebo baada ya kazi kwisha.

Weka pasi ya kulehemu kwenye nyuzi 330 hadi 350. Pasha kwanza pini ya plagi na uitie lehemu kidogo, kisha leta waya, uuguse kwa pasi sekunde mbili au tatu, uondoe pasi na ushikilie waya usitikisike mpaka lehemu igande. Ungio zuri linang'aa na limekumbatia waya. Lililofifia na kuvimba lirudiwe. Katika XLR, pini ya 1 ni ya wavu, ya 2 ni ya mawimbi chanya na ya 3 ni ya mawimbi hasi. Plagi zenyewe ziwe imara na ziwe na nafasi ya kubana kebo, ili uzito usining'inie kwenye waya laini. Funika maungio kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto.

Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi. PTFE ikipashwa moto kupita kiasi hutoa moshi unaodhuru mapafu, na ndege wa kufugwa hufa haraka kwa moshi huo, kwa hiyo kasuku na chiriku wahamishiwe chumba kingine. Nawa mikono kabla ya kula.

Hatua ya nane: kupima na kusikiliza

Kabla kebo haijagusa chombo chochote, pima kwa multimita kwamba pini ya katikati inafika pini ya katikati, pete inafika pete, na hakuna mgusano kati ya hizo mbili hata unapoipinda kebo karibu na plagi. Kisha iunganishe vyombo vikiwa vimezimwa, washa sauti ikiwa chini kabisa, na uipandishe taratibu ukisikiliza mvumo.

Ukitaka kulinganisha na kebo ya shaba, usiwe wewe unayejua ni ipi inayocheza. Mtu mwingine abadilishe kebo bila kukuambia, kiwango cha sauti kibaki palepale, nawe uandike unachosikia kila mara, raundi nyingi za kutosha. Hakuna haja ya kusubiri kebo izoee kwa saa mia moja. Mkondo mdogo wa sauti haubadilishi kitu ndani ya fedha. Kinachoweza kubadilika baada ya miezi ni uso wa plagi, na huo hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti.

Waya uliobaki uhifadhiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri pamoja na kifuko cha kukaushia unyevu. Vipande vilivyokatwa vikusanywe, kwa kuwa sonara huvinunua kwa uzito. Vile vilivyoguswa na lehemu uvitenge katika mfuko wao na umweleze hivyo waziwazi, maana risasi na bati vikiingia katika chungu chake cha kuyeyushia, fedha yote iliyomo inakuwa tete na kupasuka inapovutwa.